Jina la Pili Kwenye Sheria

Verna Stovall aliiunguza mikate ya watoto mia tatu siku aliyosoma kwamba sheria itaitwa kwa jina la mtoto wa Marlena Pruitt.

Si kawaida yake. Ana miaka thelathini na moja kwenye jiko la shule ya msingi ya Cutler, na watoto aliowapikia zamani sasa ndio wanaomletea watoto wao. Lakini asubuhi ile Nadine, mwenzake wa jikoni, aliingia na gazeti la kaunti kwapani, akaliweka juu ya meza ya unga, akasema, "Shoga, kaa kwanza ndiyo usome." Verna hakukaa. Alisoma amesimama: mswada wa kuwahukumu kifo wanaonajisi watoto wa chini ya miaka kumi na miwili umerudi kwenye bunge la jimbo, safari hii wabunge wengi wanauunga mkono, nao utajulikana kama Sheria ya Kinsley. Moshi ulipoanza kutoka kwenye tanuri, aliyekimbia ni Nadine.

"Umefurahi au umekasirika?" Nadine aliuliza huku akipunga taulo. "Maana huo uso siuelewi. Si ndicho ulichokuwa unakihangaikia?"

"Nimefurahi."

"Basi uambie na uso."

Ukweli ni kwamba alishikwa na wivu, na tuuseme waziwazi tangu mwanzo kwa sababu hakuna mtu Cutler ambaye hakuja kuujua. Sheria ile Verna aliiona ni yake. Kwa miaka kumi na minane, kila Januari bunge linapofunguliwa, aliomba ruhusa ya siku mbili, akaoka pai sita za viazi vitamu, akaendesha gari saa tatu hadi makao makuu ya jimbo, akapita mlango kwa mlango akigawa pai na karatasi. Karatasi ilisema kwamba anayemharibu mtoto anastahili kufa hata kama mtoto hakufa. Wabunge walikula pai, wakajifuta midomo, wakamwambia kwamba Mahakama ya Juu ya nchi ilishakataza jimbo kumuua mtu kwa kosa la namna hiyo. Mara nne mswada uliwasilishwa, mara nne ukafia kwenye kamati. Sasa majimbo kadhaa yalikuwa yamepitisha sheria hiyo makusudi, ili Mahakama ilazimike kulifikiria jambo hili upya, na wabunge wetu, watu wasioweza kuvumilia jirani awe na kitu ambacho wao hawana, walikuwa wameshikwa na moto wa ghafla.

Mtoto wa Verna anaitwa Odessa, nyumbani Dessa. Alipokuwa na miaka tisa, mwanamume aliyekuwa akiendesha basi la kanisa alimfanyia alichomfanyia. Hayo mengine hatuyasemi hapa. Dessa mwenyewe aliyasema mara moja mbele ya hakimu, na inatosha. Yule mtu alifungwa miaka tisa, akatoka, akaishi zake, akafa kwa ugonjwa wa ini kwenye kitanda cha hospitali, amefunikwa shuka safi. Verna alisimuliwa na nesi aliyekuwepo. Shuka lile lilimuuma kuliko hata ufupi wa kifungo.

Sheria zetu humlinda mtoto aliyeumizwa kwa kumficha jina. Kwenye karatasi zote za mahakama Dessa aliandikwa D.S. tu. Gazeti likasema "mtoto mmoja wa kike wa kaunti hii." Kila mtu alijua, na kila mtu akajifanya hamnazo.

Sasa, kwetu mtu akifa, kabla hata maiti haijaoshwa mabakuli yameshafika mlangoni: makaroni kwa jibini, kuku na wali, maharage na nyama ya nguruwe, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe kwa chini ili lije kurudishwa. Hiyo ndiyo desturi na haina mjadala. Lakini hatuna desturi ya mtoto aliyeumizwa akabaki hai. Watu hawakujua walete chakula au wasilete, kwa sababu kukileta ni kukiri kwamba unajua. Basi hakuna aliyeleta. Verna, mpishi wa watoto mia tatu, alikaa juma zima ndani na mwanawe wakila supu ya kopo na biskuti za chumvi. Mumewe Royce akaanza kuchelewa kurudi, na siku moja hakurudi kabisa.

Dessa sasa ana miaka thelathini na sita. Anaishi jimbo jingine, mwendo wa saa sita kwa gari, anasafisha watu meno kwenye zahanati ya daktari wa meno, ana mume mpole anayeitwa Curtis. Hajawahi kumzuia mama yake na safari zake za bungeni. Aliomba kitu kimoja tu, miaka mingi iliyopita, kwenye simu.

"Mama, pigania sheria yako, mimi sina neno. Lakini jina langu usilitoe. Huku hakuna anayejua, hata Curtis hajui. Huku mimi ni Dessa wa meno basi."

"Nani kasema nitalitoa?"

"Sijasema utalitoa. Nasema usilitoe."

Verna aliapa kwa Biblia ya mama yake. Na kiapo hakikumpa taabu, kwa kuwa katika miaka yote ile hakuna mbunge aliyewahi kumuuliza jina.

Kisha ikaja habari ya Kinsley. Alikuwa na miaka saba, binti wa Marlena Pruitt na mumewe anayeuza matrekta, watu waliohamia Cutler juzijuzi tu. Mwaka juzi, majira ya kuchipua, aliuawa na mtu ambaye tayari alishafungwa kwa kosa la mtoto mwingine na akaachiliwa. Marlena alisimama mbele ya kamera akasema kwamba huyo mtu angehukumiwa kifo mara ya kwanza, Kinsley angekuwa anakula chakula cha jioni nyumbani. Lilikuwa jambo lilelile lililokuwa kwenye karatasi za Verna kwa miaka kumi na minane. Lakini likisemwa na Verna lilikuwa hoja, na likisemwa na Marlena jimbo zima lilivua kofia. Miti yote ya barabara kuu ilifungwa utepe wa zambarau. Fulana zenye uso wa Kinsley, mapengo mawili ya mbele na nywele za kimanjano, zilivaliwa hata na wachezaji wa timu ya shule.

Verna alipeleka bakuli, maana desturi ni desturi. Jikoni kwa Marlena hapakuwa na pa kuliweka. Marlena alimwangukia begani akalia kilio cha kupasua moyo, na Verna akamshika vizuri, akampapasa mgongo, akamwambia maneno mazuri ambayo kweli aliyamaanisha. Na huku akisema hayo, macho yake yalikuwa yakipita juu ya meza, juu ya jokofu, hadi sakafuni chini ya dirisha. Mabakuli arobaini na moja. Aliona haya kuhesabu, lakini hakuacha mpaka alipomaliza.

Siku chache baada ya mikate kuungua, mbunge Hollis Treadway alimpigia simu. Huyu ndiye aliyekula pai zake nyingi kuliko wote.

"Mama Verna! Nakosa usingizi kwa kuzikumbuka pai zako."

"Naona mmeshapata jina la mswada, Mheshimiwa."

"Eh, jina zuri hilo. Ukitamka Kinsley hata mzee wa shambani anatoa leso."

"Miaka kumi na minane nakuja hapo."

"Najua, mama. Wewe ndiye msingi wa nyumba hii."

"Msingi uko ardhini, Mheshimiwa. Nani anauona?"

Treadway alicheka, maana hakujua afanye nini kingine. Akamwomba aje kutoa ushahidi mbele ya kamati Jumatano, dakika tatu, mara tu baada ya Marlena.

"Baada," alisema Verna.

"Baada, mama. Marlena ndiye atafungua."

Alienda na Nadine. Chumba cha kamati kilikuwa kimejaa fulana za zambarau, na mbele, juu ya fremu ya miguu mitatu ya kusimamishia picha, palikuwa na picha ya Kinsley yenye urefu wa mtu mzima. Kila shahidi hupewa dakika tatu, na juu ya meza kuna taa ndogo: kijani, ongea, njano, malizia, nyekundu, nyamaza. Marlena aliongea dakika kumi na moja. Hakuna aliyethubutu kumwonyesha hata njano. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Na kilichomuuma Verna zaidi ni kwamba Marlena aliongea vizuri, bila kujitia, bila kupamba, kama mtu anayesimulia jinsi ya kufika nyumbani kwake. Angekuwa mnafiki ingekuwa nafuu, mtu angepata pa kumshikia.

"Hebu kunjua mikono," Nadine alinong'ona. "Umekunja ngumi kanisani kwa watu."

"Hapa si kanisani."

"Basi kunjua hivyohivyo."

Zamu yake ilipofika, Verna alisoma karatasi yake. "Mwanangu, D.S., alikuwa na miaka tisa." Mbunge mmoja alikuwa akipekua simu. Mwingine alimpa mwenzake peremende. Taa ikawaka njano hata hajafika katikati. Mwenyekiti akajisogeza mbele, sauti ya upole, akasema, "Tunakushukuru sana, mama yake... mama yake D.S.," na alipokuwa akilisema hilo macho yake hayakuwa kwa Verna, yalikuwa kwenye ile picha kubwa.

"Ana jina," Verna akasema.

"Samahani?"

"Nasema ana jina. Anaitwa Odessa Jean Stovall. Sisi tunamwita Dessa."

Yule wa simu akainua kichwa. Verna akauona ule uso ukiinuka, na ikawa basi. Karatasi akaiweka chini. Akawaambia basi la kanisa lilisimama wapi, mtoto alivaa nini, alirudi nyumbani saa ngapi na alikaa wapi kwenye ngazi. Akawaambia hata yasiyohitajika: Dessa sasa yuko mji gani, anafanya kazi gani, ameolewa na nani. Taa ikawaka nyekundu, na mwenyekiti mwenyewe akanyoosha mkono akaizima. Verna aliuona mkono ule. Hajawahi kuonja kitu kitamu kama mkono ule. Alipomaliza, kamati nzima ilisimama, na mkutano ule ulikuwa ukirushwa moja kwa moja kwenye mtandao kama mikutano yote ya bunge letu.

Nadine peke yake hakusimama. "Verna," alimwambia walipofika ukumbini, "Dessa alijua kwamba utasema?"

"Sasa atajua kwamba nimesema."

Hapohapo Treadway akaja mbio, jasho linamtoka, akasema kamati imekubali kuongeza jina. Sheria itaitwa Sheria ya Kinsley na Dessa. Marlena, macho yamevimba, alimkumbatia Verna akamwambia, "Nimefurahi dada Verna, sasa wako wawili." Verna aliitikia. Kisha akamgeukia mbunge.

"Kwa hiyo Dessa ni la pili?"

"Eh... ndivyo lilivyokaa, mama."

"Kwa alfabeti D inatangulia K."

Nadine alimshika mkono akamvuta kuelekea kwenye gari.

Ijumaa mchana Dessa alikuwa mlangoni kwa mama yake. Alikuwa amekuja peke yake, saa sita za barabara, bado na sare ya kazini, ile yenye vikatuni vya meno yanayocheka. Hakukaa. Alisimama kando ya sinki.

"Nani kakwambia?" Verna aliuliza.

"Mgonjwa, Mama. Amelala kwenye kiti, mdomo wazi, mikono yangu imo ndani. Nilipoitoa tu akaniuliza, 'Si wewe yule wa kwenye video?'"

"Na Curtis?"

"Nilimwahi kabla ya simu yake. Miaka minane ya ndoa, nimemwambia tumesimama kwenye maegesho ya magari. Akalia. Mimi sikutaka alie, Mama. Sikutaka mtu yeyote aniangalie vile tena maishani."

"Watu walisimama, Dessa. Kamati nzima, na wale wakubwa wao. Walisimama kwa ajili yako."

"Walisimama kwa ajili yako."

Verna akawasha jiko, akaweka birika, akalitoa tena. Hakujua mikono aipeleke wapi.

"Nataka umpigie simu huyo Treadway alifute," alisema Dessa. "Kura ni Jumanne. Unajua maana yake hili jina likikaa pale? Kila mtu atakayeuawa, watasema kauawa kwa Sheria ya Dessa. Wataniandika kwenye karatasi ya kila mtu wanayemchoma sindano ya kifo. Kinsley haliwezi kumfika hilo. Mimi nitakuwa kwenye foleni ya mboga nasikiliza redio."

"Nitampigia."

"Sasa hivi."

"Ijumaa saa hizi ofisi zimefungwa, mwanangu."

"Una namba yake ya mkononi. Ulinipa hata mimi."

"Hatuwezi kuacha Dessa tu? Tukatoa Stovall. Akina Dessa wako wengi."

Dessa alicheka, kicheko kibaya, kikavu. "Unamwonea wivu yule mama."

"Wivu gani? Yule amezika mtoto!"

"Ndiyo. Amezika mtoto, na wewe unamwonea wivu."

Verna alifungua mdomo akatae, na kilichotoka kikamshangaza hata yeye. "Walimpelekea mabakuli arobaini na moja," alisema. "Kwetu hakuna aliyeleta hata chumvi."

Dessa alimtazama mama yake, na hasira ikamshuka kidogo usoni, na pengine ingekuwa heri isingeshuka.

"Mimi nilikuwepo, Mama," alisema taratibu. "Ile supu nilikula na wewe. Mwaka ule wote, juma lile ndilo pekee ninalolikumbuka vizuri. Hukwenda kazini. Ulikaa na mimi tu." Akachukua funguo za gari juu ya meza. "Jumanne nitaangalia. Nikikuta jina langu pale, usinitafute. Sisemi kwa hasira. Nimefikiri njia nzima."

"Nitampigia. Naapa."

"Usiape," alisema Dessa, akatoka.

Na Verna alikusudia kupiga, hilo tumtendee haki. Jumamosi aliishika simu mara tatu. Mara ya tatu alifika hadi kwenye namba ya Treadway, akaitazama, akakumbuka kwamba kuna nguo za kuanua.

Jumapili baada ya ibada watu walikuja kumshika mkono. Mchungaji alimtaja Dessa kwenye maombi, kwa jina, kwa sauti, katika kanisa lile lile ambalo miaka ishirini na saba lilikuwa halijawahi kumtaja. Na mchana, Verna akiwa bado na nguo za kanisani, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Bi Loretta wa kwaya na makaroni kwa jibini. Nyuma yake wamama wawili na kuku. Kisha mke wa mchungaji. Kisha watu ambao hata hakuwajua kwa majina.

"Tulipaswa kuja zamani, dada Verna," Bi Loretta alisema, na kweli alikuwa na machozi. "Hatukujua tuseme nini."

"Karibuni," alisema Verna. "Wekeni popote."

Hadi jioni yalikuwa yamefika kumi na tisa. Hakuhitaji kuyahesabu mara mbili. Aliyapanga juu ya meza, juu ya jokofu, akaacha nafasi, kwa sababu bado kuna Jumatatu. Alikula kidogo kidogo kutoka kila moja amesimama, peke yake, na chakula kilikuwa kizuri, na alilia, na hakujua kama analia kwa furaha au kwa nini.

Jumatatu asubuhi alipiga. Kweli alipiga. Karani wa Treadway alipomsikia alimpongeza, akamwambia jengo zima linamzungumzia, akamwita bosi wake.

"Mama Verna! Kuna tatizo?"

Verna alikuwa ameegemea jokofu. Mbele yake bakuli la maharage, karatasi ya kufunikia imeng'aa. Alifikiria Sheria ya Kinsley, neno moja, peke yake, kwenye magazeti yote, na Marlena akiwa peke yake kwenye picha zote. Alifikiria kuyarudisha mabakuli kumi na tisa kwa wenyewe na kuwaambia nini.

"Mama Verna? Uko hapo?"

"Nipo. Hakuna tatizo," alisema. "Nilitaka tu kujua kama Dessa bado ni la pili."

Jumanne mswada ulipita kwa kura nyingi. Jumatano namba ya Dessa ilikuwa haipatikani. Alhamisi Verna alijaribu zahanati, na msichana wa mapokezi akamwambia kwa adabu kwamba Dessa ameacha kazi, na hapana, hakuacha namba nyingine. Alimwandikia Curtis barua. Hakuijibu, wala hakuirudisha.

Baada ya wiki tatu gavana aliweka saini. Kwetu gavana hasaini kwa kalamu moja. Huandika herufi moja kwa hii, herufi moja kwa ile, kisha kalamu hizo huzigawa kwa familia zilizohusika ziwe ukumbusho. Verna na Marlena walisimamishwa nyuma ya kiti chake, wamevaa vizuri, kila mmoja na utepe. Verna alipewa kalamu. Marlena naye alipewa. Verna alitupa jicho aone kama zinafanana, na zilifanana.

Baadaye, wakati wakubwa wakinywa chai ya baridi na kupigana mabega, Marlena alimvuta kando karibu na dirisha.

"Dessa hakuja?"

"Mambo ya kazi. Unajua vijana."

"Nilitaka sana kumwona. Usinicheke, dada Verna." Marlena alikuwa akizungusha utepe kidoleni. "Mimi huwa nafanya hesabu. Mwaka huu Kinsley angekuwa darasa la tatu. Mwaka kesho la nne. Naenda naye hivyohivyo, namvalisha, namsuka, lakini nikifika kama miaka kumi na miwili nakwama. Simwoni tena. Siwezi kumwona mkubwa, hata nijitahidi vipi. Nikasema, dada Verna anaye wake amekua. Nakuonea wivu, Mungu anisamehe. Nimekuonea wivu tangu siku ile kwenye kamati, uliposema ana mume."

Katika miaka yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia Verna neno kama hilo, na hilo ndilo alilokuwa na njaa nalo.

"Hebu niambie yukoje," alisema Marlena. "Vitu vidogo tu. Anapenda nini, anakasirishwa na nini."

"Dessa?" Verna alitabasamu, na kwa mara ya kwanza siku ile tabasamu lilikuwa la kweli. "Dessa hali vitunguu. Anavitoa kimoja kimoja anavipanga pembeni ya sahani, mstari kabisa. Ukimfokea halii, anaimba. Anaimba kwa nguvu mpaka ucheke. Hawezi kulala soksi zimo miguuni. Akipanda mti ni mpaka juu kabisa, halafu anaogopa kushuka, anaita, Mama, Mama, njoo..."

Marlena alikuwa akisikiliza kwa mwili mzima, midomo wazi. Kisha taratibu uso wake ukabadilika.

"Huyo ni mtoto, dada Verna," alisema kwa upole. "Mimi nakuuliza huyu wa sasa."

Verna akafikiri. Alifikiri kwa dhati, akarudi nyuma simu hadi simu, Jumapili hadi Jumapili, miaka kumi na minane. Alijua jina la kila mbunge na nani anapenda pai na krimu, nani bila krimu. Simu zote zile alikuwa akimsimulia Dessa habari za mswada, nani kakataa, nani amelegea, na Dessa alikuwa akisema, ndiyo Mama, pole Mama. Hakujua kama Dessa siku hizi anakula vitunguu. Hakujua hata nyumba yake ina milango ya rangi gani.

"Sijui," alisema.

Marlena alimtazama kwanza kama hakumwelewa. Halafu akamsogelea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaupapasa polepole, vile tunavyomshika mkono mfiwa. Mpiga picha wa gazeti aliwaona, akaomba wasimame hivyohivyo.